Bundi wa Kinamasi cha Kaskazini



Wasomaji wetu, na hasa nyinyi akina mama ambao twajua ndio mnaolisoma jarida hili kwa sauti baada ya chakula cha Ijumaa ili wengine nyumbani wasikie: wiki hii hatutawapeleka Lamu wala Siyu, wala hatutazungumzia ziara za visiwani. Tutakwenda nanyi mahali ambapo maji husimama mwaka mzima chini ya miti, na karibu nusu ya mwaka maji hayo huwa jiwe.

Mahali penyewe paitwa Sax-Zim, katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka mji wa Duluth. Duluth uko kwenye ncha ya Ziwa Superior, ambalo kwa eneo lake ni kubwa kuliko Ziwa Victoria letu, na maji yake ni baridi kiasi kwamba hata wakati wa joto mtu huingia mguu mmoja akafikiri tena. Sax na Zim ni majina ya vituo vidogo vya zamani vya reli. Kinamasi kina zaidi ya maili 300 za mraba, lakini asije mtu akadhani ni maji matupu. Ni msitu, ni malisho, ni mashamba ya nyasi, na barabara za changarawe zilizonyooka kama uzi wa fundi mwashi.

Zamani za kale pote hapo palikuwa chini ya ziwa lililotokana na kuyeyuka kwa barafu kuu, nalo wanaelimu wameliita Ziwa Upham. Ziwa likaondoka, tope lake likabaki likishika maji, na juu ya tope ukaota mmea mdogo mlaini uitwao spagnamu, ambao ukiukamua mkononi hutoa maji kama sifongo. Mmea huu ukifa hauozi kama majani ya kwetu yaozavyo, kwa sababu maji yale ni baridi, ni makali kidogo kama ya ndimu, na hayana hewa. Basi hulala juu ya wenzake waliotangulia, tabaka juu ya tabaka, kwa kadiri ya milimita moja tu kwa mwaka. Mita moja ya mboji ile nyeusi ni kazi ya miaka kama elfu. Juu yake husimama miti ya aina mbili iwezayo kuvumilia njaa: msprusi mweusi na tamaraki. Utauona msprusi una kimo cha kijana wa miaka kumi na sita, ukadhani ni mche, kumbe umri wake umepita karne. Hatujapata kuona mti unaojinyima namna ile.

Nchi hii ilikuwa ya Waojibwe kabla ya walowezi kufika. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, walowezi waliotoka Ulaya walijaribu kuikausha ili walime. Walichimba mifereji mirefu iliyonyooka, na mifereji hiyo ipo hadi leo imejaa maji. Kinamasi kiliwashinda. Sehemu iliyokubali kulimwa ni ya pembeni, na hapo ndipo ilipo mashamba ya nyasi za ng'ombe.

Sasa msomaji atauliza: shekhe wa Mombasa alifuata nini kinamasini? Tulialikwa Minneapolis, mji mkubwa wa jimbo hilo, kufundisha Qur'ani watoto wa madrasa moja kwa muda wa miezi kumi na moja, kuanzia Oktoba. Mji huo una Waislamu wengi, wengi wao Wasomali, na mwaka 2023 baraza la mji liliruhusu adhana ya vipindi vyote vitano isikike nje kwa vipaza sauti. Kiswahili nacho si kigeni huko. Tuliingia duka la kwanza kununua unga, mama aliyekuwa nyuma ya meza akatuuliza, "Shekhe, ni wa Majengo au wa Kibokoni?" Alilelewa Dadaab, kisha Mombasa.

Tulikaa nyumbani kwa binti wa dada yetu. Yeye ni muuguzi, hufanya kazi za usiku. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa. Nao wana mtoto wa kike wa miaka kumi na mmoja. Mtoto huyu, mjukuu wetu, mwaka uliotangulia alipelekwa na shule yake Sax-Zim, akamwona bundi, na tangu siku hiyo hakuwa na habari ya jambo lingine. Alichora bundi. Alibandika bundi ukutani. Alimsimulia nyanya yake kwa simu, kwa Kiswahili chake cha kukatikakatika, kila alichokisoma juu ya bundi.

Mwezi wa Septemba nyanya yake, yaani dada yetu mkubwa, alifariki Mombasa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mama na mtoto hawakuweza kuja maziko. Wenye jamaa ughaibuni mwajua mambo ya karatasi za safari yalivyo. Kisha mmoja katika jamaa zetu akapiga simu kutoa tanzia, na katika tanzia akatia neno lake: kwamba usiku tatu mfululizo kabla ya kifo bundi alilia juu ya paa, na kwamba mtoto aliyejaza bundi nyumbani mwake ameuita uchuro kutoka mbali. Simu ilikuwa imewekwa sauti kubwa. Mtoto alisikia.

Mama yake, katika uchungu wa siku zile, alibandua picha zote. Mtoto hakulia wala hakubisha. Aliacha tu kusema Kiswahili. Tulipofika Oktoba tulimsalimu kwa Kiswahili akatujibu kwa Kiingereza, kwa adabu zote, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miezi.

Safari yetu ya kwanza kinamasini ilikuwa na baba yake, katikati ya Oktoba, katika majira wanayoyaita mapukutiko. Tulipitia Duluth kwanza, kwenye mlima mdogo uitwao Hawk Ridge unaotazama ziwa, ambako watu huketi na darubini wakihesabu ndege wawindaji wanaohamia kusini. Hapa pana jambo ambalo manahodha wetu wangelielewa upesi. Kipanga na tai husafiri kwa kupandishwa na hewa ya moto itokayo ardhini, na juu ya maji mapana hewa hiyo haipo. Wakifika ufuoni mwa Superior huogopa kuvuka, hugeuka wakafuata pwani, na pwani huwasukuma wote wapite juu ya Duluth. Katikati ya Septemba, siku yenye upepo mwema, huweza kupita makumi ya maelfu kwa siku moja, kama majahazi ya zamani yaliyokuwa yakingoja kusi litulie ili yatoke pamoja. Sisi tulichelewa kundi hilo kubwa, tukawaona tai na vipanga wa mwisho mwisho.

Kule kinamasini tamaraki ilikuwa dhahabu tupu. Mti huu una majani membamba kama sindano mithili ya mvinje, lakini tofauti na jamaa zake, huyageuza rangi na kuyamwaga yote kabla ya baridi. Njia nzima ilikuwa imetandikwa manjano. Mtoto alikaa ndani ya gari, kofia imefunika macho. Baba yake alimwonyesha kipanga juu ya nguzo. "I see it," akasema, na hakutazama.

Februari tulirudi, na safari hiyo mama yake ndiye aliyetupeleka. Si kwa hiari sana. Mumewe alikuwa njiani na lori, sisi hatuna leseni ya huko, na mtoto alikuwa amepewa kazi ya shule ya kuandika juu ya wanyama wa baridi. "Mjomba," alituambia usiku ule, "nitaendesha, lakini bundi wenu mtamtazama wenyewe. Mimi sishuki garini."

Tuliswali Alfajiri nyumbani, tukaondoka. Safari ni ya saa tatu. Tulipofika, kipimo cha gari kilionyesha nyuzi 31 chini ya sifuri. Twawaombeni, wasomaji wetu, msijaribu kulifikiria jambo hili mkiwa mmekaa barazani na feni. Pumzi ikitoka puani huganda kwenye ndevu. Kope hushikana. Ruhusa ya kupaka maji juu ya khofu, tuliyoifundisha kwa miaka thelathini kama somo la kitabuni, siku ile tuliielewa kwa vidole vya miguu. Tena twawasifu wanawake wa Kiislamu wa nchi ile: mtandio, juu yake kofia ya sufi, juu yake ukosi wa koti, na stara imekamilika kuliko Mombasa wakati wa kaskazi.

Huko majira ya baridi ndiyo msimu wa ndege, jambo lililotushangaza, maana tulidhani kila chenye mbawa kingekuwa kimehama. Wengi wamehama kweli. Waliobaki ni wale waliopewa hila za kubaki. Watu wa pale hutundika vibakuli vya mbegu na hata mbavu za paa waliokufa, na ndege huja kudonoa mafuta. Yupo mmoja mdogo aitwaye chikadii, uzito wake gramu kama kumi na moja, yaani vijiko viwili vya sukari. Usiku hupunguza joto la mwili wake kwa nyuzi kama kumi ili akiba ya mafuta aliyoila mchana imfikishe asubuhi. Yupo kunguru wa kijivu, mpole, wala hana tabia za kunguru wetu wa Mombasa ambao hawamwachii mtu hata kipande cha mkate mkononi. Huyu kuanzia mwisho wa kiangazi huficha vyakula vidogo vidogo nyuma ya magamba ya miti, anavigandisha kwa mate yake yanayonata, maelfu ya mahali, na huvikumbuka. Kwa akiba hiyo huanza kujenga kiota na kulalia mayai theluji ingali imejaa, wakati wenzake wengine bado wako Amerika Kusini. Wapo pia vigong'ota wenye mgongo mweusi, wanaobandua magamba ya msprusi uliokufa wakitafuta mabuu.

Mtoto aliandika. Mama yake alikaa garini na chupa ya chai ya tangawizi.

Jua la Februari huko hushuka mapema. Kiasi cha saa kumi na moja kasorobo, mwanga ukiwa wa zambarau, tulimwona. Alikuwa juu ya ncha ya tamaraki kavu, karibu na barabara, nasi kwanza tulidhani ni kipande cha shina. Huyu ndiye bundi mkubwa wa kijivu. Kwa urefu hupita takriban bundi wote wa Amerika, mbawa zake zikitandazwa zakaribia mita moja na nusu, lakini ndani ya manyoya yale yote mna mwili wa kilo moja hivi. Ni koti, kama mtoto wetu alivyosema baadaye. Uso wake ni duara pana kama sinia, wenye mistari ya duara ndani ya duara, na macho mawili ya manjano yaliyo madogo kwa uso mkubwa vile.

Hakututazama. Alikuwa ameelekeza uso chini, kwenye theluji tupu iliyokuwa nyeupe bila alama yoyote. Kisha akaachia tawi, akaja bila sauti, wallahi hata sauti ya nguo haikusikika, akasimama hewani kidogo juu ya mahali pasipokuwa na kitu, akatumbukia kichwa na miguu. Alipoinuka alikuwa na kipanya.

Tulisikia mlango wa gari ukifunguka nyuma yetu.

"Babu," mtoto akasema, "alijuaje?"

Ilikuwa Kiswahili. Hatukumwangalia, tukiogopa kumshtua yeye kuliko bundi. Tulimweleza tulichokuwa tumesomewa na watunzaji wa pale: kwamba uso ule ni chombo cha kukusanya sauti, kama mtu atiavyo kiganja nyuma ya sikio, kwamba masikio yake hayalingani, moja liko juu kidogo ya lingine, hivyo sauti ikifika kwenye moja kabla ya jingine hujua imetoka juu au chini, kushoto au kulia, na kwamba kwa namna hiyo humsikia kipanya anayetembea ndani ya vijia vyake chini ya theluji yenye kina cha karibu nusu mita. Manyoya ya mbawa zake yana pindo laini zinazoua sauti, asije akajizibia masikio yake mwenyewe.

Akanyamaza. Bundi alikuwa amerudi mtini.

"Na yule wa kwa nyanya alijuaje?"

Hapo tulijua kwamba swali lile ndilo lililokuwa limefunga mlango tangu Septemba. Tulimjibu kwa tuliyoyaona kwa macho, kwa sababu usiku zile tatu sisi tulikuwa pale. Tulikuwa tukimkesha dada yetu. Taa ya dirishani haikuzimwa, na taa isiyozimwa huita wadudu, na wadudu huita mijusi. Wageni walikuwa wakija kumjulia hali, sufuria zikilala uani na makoko ya wali, na panya wa Mji wa Kale hawahitaji barua ya mwaliko. Bundi alifuata panya. Tena bundi yule, yule mweupe usoni ambaye wazee humwita babewana, hulia juu ya mapaa yale mwaka mzima, ila watu wamelala. Mwenye kuuguza ndiye anayekuwa macho saa nane za usiku, na ndiye anayemsikia. Wiki nyumba ikiwa salama, nani amekaa kitako kuhesabu vilio vya bundi?

"Kwa hiyo hakujua."

"Hakujua. Alisikia panya."

Mama yake alikuwa amesimama nyuma yetu kwenye theluji, viatu vya kazini miguuni, visivyofaa kabisa. Machozi yalikuwa yameanza kuganda mashavuni naye anacheka. "Basi mjomba," akasema, "mwenye uchuro leo ni kipanya."

Tumelieleza jambo hili kwa urefu kwa kuwa twajua liko katika nyumba nyingi za pwani yetu. Lugha yenyewe inatushuhudia. Kwa Kiswahili "ndege" ni ndege, na "ndege" pia ni ishara ya kheri au shari. Twasema mtu ametoka na ndege njema, au ndege mbaya. Waarabu wa zama za ujahili nao walichukua neno la kupiga ramli mbaya, tiyara, kutoka neno tayr, yaani ndege, kwa kuwa walikuwa wakimrusha ndege na kutazama ameelekea wapi kabla ya kusafiri. Walikuwa pia na kiumbe wakimwita hama. Wengine walidai hutoka kichwani mwa aliyeuawa akalia mpaka alipiziwe kisasi. Wengine walisema ndiye bundi, na kwamba akitua juu ya nyumba anamtangaza maiti wa nyumba hiyo. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliikana tiyara na akaikana hama kwa majina yake, katika Hadithi iliyo sahihi na mashuhuri. Hayo si maneno ya wazungu wa mazingira. Ni somo la darasa la tatu la madrasa, nasi tumelifundisha, na bado waliolisoma ndio wanaookota mawe bundi akitua kwenye mkungu.

Watu wa Minnesota walipata kuonja wingi wa bundi. Katika majira ya baridi ya mwaka 2004 kuingia 2005, vipanya walipopungua katika misitu ya Kanada, bundi wakubwa wa kijivu walishuka kusini kwa njaa, na katika jimbo lile pekee wakaorodheshwa zaidi ya elfu tano. Walikuwa kwenye nguzo za simu, kwenye ua, kandokando ya barabara kuu, na wengi wao waligongwa na magari. Ingekuwa bundi ni mjumbe wa mauti, Minnesota isingebaki mtu. Waliokufa mwaka ule kwa wingi walikuwa bundi.

Aprili tulikwenda mara moja tu, kwa ajili ya ngoma. Ngoma hii ni ya ndege wa jamii ya kwale, mwenye mkia uliochongoka. Madume hukutana kila alfajiri kwenye kiwanja kilekile cha nyasi fupi, huinamisha vichwa, hutandaza mbawa, hupiga miguu chini upesi upesi hadi isikike kama cherehani, kisha wote husimama kwa pamoja, kana kwamba aliyepiga ngoma amewaambia. Ni kirumbizi bila fimbo. Majike hupita katikati wakijifanya wanatafuta mbegu. Mama wa mtoto alicheka mpaka tukaambiwa tunyamaze na wazee wawili waliokuwa na kamera ndefu. Theluji ilikuwa madoa madoa, mifereji ya walowezi imefunguka, na korongo wa rangi ya mchanga walikuwa wamerejea wakilia juu kama milango isiyotiwa mafuta.

Kisha Juni. Ajabu ya Juni kwa Mwislamu ni mchana wake: jua huzama baada ya saa tatu za usiku, Isha huswaliwa karibu na saa tano, na Alfajiri haikai mbali. Ajabu ya pili ni mbu. Tumezaliwa pwani, tumekulia pwani, na tulikuwa na fahari yetu katika jambo la mbu; Sax-Zim walituvua fahari hiyo kwa nusu saa. Pamewekwa njia za mbao ili mtu apite juu ya spagnamu bila kuikanyaga wala kuzama. Pembeni ya mbao mtoto alituonyesha mmea wenye majani ya umbo la kikombe, umejaa maji ya mvua. Wadudu huteleza ndani wakafa, nao mmea huwala, kwa kuwa mboji ile haina rutuba ya kuulisha. Palikuwa na okidi za waridi na nyeupe, ambazo ndizo ua rasmi la jimbo. Na msitu wote uliokuwa kimya Februari ulikuwa ukiimba.

Waimbaji wengi ni ndege wadogo kuliko ngumi ya mtoto mchanga. Mmoja ambaye watu husafiri kutoka mbali kumtafuta ana kichwa cha kijivu, tumbo la manjano na duara jeupe kuzunguka jicho. Huimba kwa sauti kubwa mno kwa mwili wake, hujenga kiota chini kabisa kwenye spagnamu, na majira ya baridi yakikaribia huruka juu ya bahari kuu hadi Amerika Kusini. Tulimsikia saa nzima. Kumwona, tulimwona kwa muda wa kusema bismillahi. Mtoto alituambia kwa Kiswahili kwamba ndege huyu anapungua, na akatueleza sababu mojawapo inayoogopewa: misprusi na spagnamu zinataka baridi, na baridi ya pale si ile ya zamani. Maji yakishuka, mboji hukauka. Mboji kavu hushika moto, nao moto wake huenda chini kwa chini. Na hewa ya ukaa iliyozikwa kwa maelfu ya miaka huweza kutoka kwa msimu mmoja. Ndiyo maana wapo watu waliojiunga kwa jina la Marafiki wa Kinamasi cha Sax-Zim, wanaonunua vipande vya msitu huo ili visikatwe. Sisi tulifikiria mikoko. Tope la Mida na la Lamu nalo linazika hewa hiyohiyo kwa namna hiyohiyo, nasi twaikata mikoko tukidhani twakata boriti tu.

Bundi wa Juni hatukumwona. Jike huwa amelea, dume amejificha na joto, na hawajengi kiota chao wenyewe bali huchukua cha kipanga au kunguru mkubwa aliyekihama. Mtoto hakusikitika. Nyumbani, picha zilikuwa zimerudi ukutani tangu Machi, na mama yake ndiye aliyenunua gundi.

Tulirejea Mombasa mwisho wa Agosti. Kabla hatujaondoka mjukuu wetu alitutuma: alikuwa amesoma kwamba nasi tuna bundi wetu, aitwaye kwa jina la Sokoke, aliyejulikana kwa wanaelimu mwaka 1966 tu, na kwamba hupatikana hasa katika msitu wa Arabuko-Sokoke na sehemu ya nchi ya Usambara kule Tanzania. Alitaka picha. Tumeishi safari ya saa mbili kutoka msitu huo umri wetu wote, na ilibidi tutumwe kutoka Minnesota.

Basi Jumamosi moja tulikwenda na kijana mwongozaji. Alitupitisha katika vichaka vikavu, akainua kidole, na kwenye tawi lililokuwa kimo cha kichwa chetu walikuwa wamekaa wawili, bega kwa bega, mmoja wa kijivu na mmoja wa kutu, kila mmoja mdogo, uzito wake gramu kama hamsini. Walifungua macho nusu, wakafumba.

Tulipofika Gede kwenye mtandao tukatuma picha. Kwetu ilikuwa saa kumi alasiri, kwao saa mbili asubuhi, mama amerudi kazini sasa hivi. Sauti ya mtoto ikaja: "Babu, hawa wanakula nini?" Tukamjibu, wadudu. Mama yake naye akaandika kuomba picha hiyohiyo tumtumie yule jamaa yetu aliyepiga simu ya tanzia, na tumwambie imetoka kwake.

Tumemtumia. Alama mbili za buluu zimeonekana tangu juzi. Jibu bado.